Protini Hii ni ya Nani?

Mama alikuja Nairobi kwa ajili ya kliniki ya macho. Miadi yake ilikuwa saa nane mchana, kwa hivyo nikampitisha kwanza kazini kwangu. Nilitaka aone. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikimwambia kwamba natengeneza protini, naye amekuwa akiwaambia wenzake wa kanisani kule Kitui kwamba binti yake ana dawa ya maharagwe. Basi nikamvalisha koti jeupe lililomzidi mikono, nikafungua friji, nikatoa kichupa cha plastiki kisichozidi kidole cha mwisho kwa urefu, chenye kimiminiko kisicho na rangi.

"Ndiyo hii, Mama."

Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa lile jicho lake zima. "Haya si maji?"

"Ni protini. Imeyeyuka humo ndani."

"Na umeitengeneza wewe?"

"Ndiyo."

Akanirudishia kichupa. "Sasa ni ya nani?"

Nikamjibu haraka haraka kwamba ni ya maabara, tukaenda zetu kliniki. Lakini swali halikwenda. Limekaa nami tangu siku hiyo, na leo nimeona nilimwage hapa, maana kila nikijaribu kulijibu nagundua kwamba hata lile jibu langu la kwanza, "ndiyo, nimeitengeneza mimi," lilikuwa na walakini.

Hebu nieleze kazi yenyewe, kwa sababu swali la Mama haliwezi kujibiwa hewani.

Protini iliyokuwa kwenye kile kichupa ni kimeng'enya. Kazi yake ni kukata selulosi, ule uzi ambao pamba na karatasi vimejengwa kwao. Mwenyewe wa asili ni bakteria anayeishi katika maji ya magadi, maji makali yenye pH karibu na 10, yanayoteleza mkononi kama umeshika sabuni. Vimeng'enya vingi vya kawaida hufa katika maji kama hayo. Hiki hakifi, na ndiyo maana kinatakiwa. Ndoo ya kufulia yenye sabuni ya unga nayo ni maji makali. Kimeng'enya kinachostahimili magadi kitastahimili na ndoo, kitanyoa vile vinyuzi vilivyochakaa juu ya kitambaa cha pamba, na rangi ya nguo itaonekana mpya tena. Viwandani, vimeng'enya vya ukoo huu hutumika pia kuichakaza jinzi mpya kabla haijauzwa, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kuzungusha nguo pamoja na mawe.

Mimi huyo bakteria sijawahi kumwona. Sikwenda ziwani. Nilikaa kwenye kiti, nikafungua hifadhidata ya kimataifa iliyo wazi kwa kila mtu, nikapata mpangilio wa herufi za jeni yake, nikaunakili, nikautuma kwa kampuni ya ng'ambo. Baada ya wiki chache ukaja kwenye bahasha ukiwa DNA iliyokaushwa. Tena haikuwa jeni ileile herufi kwa herufi. Kampuni ilibadilisha herufi nyingi ili zimfae yule bakteria wa maabara ambaye angeisoma. Lugha ya jeni ina visawe vingi: neno moja la protini laweza kuandikwa kwa njia mbili, nne, hata sita. Kwa hiyo unaweza kuandika upya jeni nzima, herufi zikabadilika ovyo, na bado protini itakayotoka ikawa ileile.

DNA hiyo ikapachikwa kwenye plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA, na plasmidi ikaingizwa ndani ya E. coli, ndugu wa wale wanaoishi matumboni mwetu. Ndani ya pete hiyo mna pia jeni ya kuhimili dawa iitwayo kanamaisini. Tunaitia dawa hiyo kwenye mchuzi wa kuwalisha, na asiyebeba pete anakufa. Kwa maneno mengine, wanalipa kodi au hawaishi. Kisha unawatikisa usiku na mchana kwa nyuzi joto 37, unapima jinsi mchuzi unavyozidi kuwa mzito kwa wingi wao, na wakifika kiwango chako unatia kemikali inayowaambia: sasa acheni mambo yenu, tengenezeni hii.

Mara ya kwanza sikufanikiwa. Niliwaacha kwenye joto lilelile la 37, wakatengeneza protini kwa pupa, ikashikana madonge kama ugali uliokorogwa na mtu mwenye haraka. Protini ya madonge haifanyi kazi. Ikabidi nishushe joto hadi nyuzi 18 na kuwaacha usiku kucha, watengeneze polepole, kila uzi upate nafasi ya kujikunja sawasawa. Asubuhi ukawakusanya, ukawapasua juu ya barafu kwa mawimbi ya sauti, mabilioni kwa mabilioni, na kutoka kwenye ule uji ukaitafuta protini yako. Inatafutika kwa sababu umeifunga mkia: histidini sita mfululizo, ambazo hupenda kung'ang'ania madini ya nikeli. Unamimina uji juu ya nikeli, vingine vyote vinapita, yenye mkia inabaki. Halafu unaibandua.

Baada ya hapo ndipo unaanza kuijua. Unaipitisha kwenye jeli uone kama ni safi na kama uzito wake ndio ule uliotarajia. Unaipima katika pH 6, 7, 8, hadi 11. Unaipima kwa joto tofauti tofauti. Unatafuta namba mbili: ya kwanza inakuonyesha ni chakula kiasi gani kinahitajika kabla kimeng'enya hakijafikia nusu ya kasi yake ya mwisho, ya pili ni mara ngapi kwa sekunde kinakata kikiwa kimeshiba. Hapo unasema: nimekijua. Una jedwali, una mchoro, una makala.

Sasa rudi kwenye swali la Mama. Nani ametengeneza?

Mimi nilitia kemikali na kukesha. E. coli ndio walioshona, na wakafa wote. Kampuni iliandika jeni. Watu wa hifadhidata waliitunza. Mtu fulani, siku fulani, aliingia kwenye matope ya ziwa na chupa akachota. Bakteria wa magadi, kwa muda mrefu usiohesabika, walikufa na kubakia hadi wakapata umbo linalohimili maji yale. Na ziwa likawepo, halikujazwa taka wala kukaushwa, kwa sababu kuna watu walioishi kando yake wakaliacha likiwa ziwa. Kati ya hawa wote, mimi ndiye niliyesema "ndiyo, ni mimi" na kichupa mkononi.

Katika falsafa kuna jibu maarufu la swali la umiliki, la Mwingereza John Locke, karne ya 17. Kwa kifupi: vitu vya asili ni vya wote, lakini mtu akichanganya jasho lake na kitu, kitu hicho kinakuwa chake, mradi amewaachia wengine vya kutosha na vizuri vilevile. Hoja hii watu hupenda sehemu yake ya kwanza na kusahau ile "mradi." Mwaka 1974 Mmarekani Robert Nozick akaichokoza kwa mfano mzuri sana: nikimwaga kopo langu la juisi ya nyanya baharini, juisi ikachanganyika na maji yote, je, nimeimiliki bahari, au nimepoteza tu juisi yangu? Kwa nini tuchukulie kwamba kuchanganya ni kupata, wala si kupoteza?

Mimi nikiutazama mkia wa histidini sita nauona kuwa kopo la juisi. Protini ina amino asidi mia kadhaa. Sita ni zangu.

Na sheria? Sheria imeyumba. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikubali bakteria aliyebadilishwa na binadamu apewe hataza, kwa hoja kwamba huyo si wa asili tena, ni kazi ya mkono. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ikasema DNA iliyotengwa tu kutoka mwilini haimilikiwi, kwa kuwa ni ya asili, ila ile iliyoundwa maabarani yaweza kumilikiwa. Kwa hiyo mstari upo kati ya kilichookotwa na kilichoundwa. Mstari mzuri, mpaka ukumbuke jambo la visawe. Jeni yangu ilibadilishwa herufi bila kubadilishwa maana. Kwa herufi ni kazi ya mkono. Kwa maana ni ileile ya ziwani. Tunapima kwa lipi?

Hapa wasomaji wa blogu hii mna faida kuliko wenzangu wa maabara, kwa sababu fasihi ya Kiswahili imeshawahi kupita njia hii. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalibaki vichwani mwa watu. Baadaye katika karne hiyo Mwalimu Sikujua aliyakumbuka na kuyakusanya, mmisionari W. E. Taylor akayanakili na kuyafafanua, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni kwa herufi za Kilatini. Hati zake ziko London. Mashairi yamehama kutoka kinywa hadi hati ya Kiarabu hadi Kilatini; hakuna alama hata moja iliyobaki kama ilivyokuwa. Na bado hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema Hichens ndiye mshairi. Tunamshukuru kwa kazi yake, halafu tunasema: ya Muyaka. Jina lake liko kwenye jalada. Na tunapokuwa waungwana tunamtaja na Mwalimu Sikujua.

Utaniambia bakteria si Muyaka. Kweli. Hana nia, hana jina, hataona uchungu akisahauliwa. Simtetei bakteria. Nasema tu kwamba hoja ya "nimeiandika upya, kwa hiyo ni yangu" haina miguu. Tungeicheka ikitolewa juu ya ushairi, na katika maabara tunaitikia kwa kichwa.

Tuone basi mambo yaliyotokea kweli.

Mwaka 1966, katika chemchemi za moto za hifadhi ya Yellowstone huko Marekani, mwanasayansi Thomas Brock alipata bakteria aliyekuja kuitwa Thermus aquaticus. Akamweka kwenye hazina ya vijidudu ambako mtafiti yeyote angeweza kumwagiza. Kimeng'enya chake cha kunakili DNA hakiharibiki kwenye joto kali, na miaka ya 1980 kikawa moyo wa PCR, njia ya kuzidisha DNA iliyompa Kary Mullis tuzo ya Nobel mwaka 1993. Jeni ya kimeng'enya hicho ilihamishiwa kwenye E. coli, kama nilivyofanya mimi. Mwaka 1991 haki za PCR ziliuzwa kwa kampuni ya Hoffmann-La Roche kwa dola milioni 300. Hifadhi yenyewe haikupata hata senti. Kila aliyepimwa korona kwa PCR anadaiwa kitu na chemchemi ile, ingawa hakuna aliyemtumia bili.

Halafu njoo kwetu. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilijitokeza likidai kwamba vimeng'enya vilivyouzwa na kampuni ya Genencor, kwa kazi za sabuni na jinzi, vilitokana na bakteria waliochukuliwa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, na kwamba Kenya ilistahili fungu lake. Sampuli zilikuwa zimechotwa mwaka 1992. Kampuni ilikana kuwa imekosea. Sitaki kujifanya hakimu wa kesi ile. Ninachotaka uone ni tarehe. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, uliosema kwamba nchi zina mamlaka juu ya rasilimali zao za kijeni, ulitiwa saini mwaka huohuo wa 1992 na kuanza kufanya kazi mwishoni mwa 1993. Chupa na mkataba vilipishana mlangoni. Mwaka 2007 shirika hilo la wanyamapori lilifanya makubaliano na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, ya kutafuta vijidudu katika hifadhi zake, safari hii kwa kugawana manufaa na kufunza wataalamu wa hapa. Kwa hiyo inawezekana. Si ndoto.

Lakini subiri kidogo. "Fungu la Kenya" ni fungu la nani? Ziwa Bogoria, lenye chemchemi za moto na heroe, lilikuwa makao ya Waendorois. Walianza kuondolewa mwaka 1973 ili pawe hifadhi ya wanyama. Waliishtaki serikali mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 ukasema kwamba haki zao za mali, dini, utamaduni, maliasili na maendeleo zilivunjwa, na kwamba warudishiwe ardhi. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Basi angalia mduara huu: kampuni ikimwambia mwanasayansi "asante, sasa ni yetu," tunalia. Serikali ikimwambia Mwendorois "asante, sasa ni yetu," wengi wetu tunanyamaza. Mdai wa nje ndiye mdaiwa wa ndani.

Kuna pingamizi za haki, na sitaki kuzikwepa. Mwenzangu mmoja kazini, mtu ninayemheshimu, alinipa tatu tukiwa tunanywa chai.

Ya kwanza: Waendorois hawakumjua bakteria huyu. Hawakumlima, hawakumtunza, hata hawakujua yupo. Mtu atalipwaje kwa kitu asichokijua? Ya pili: bakteria wa aina hiyo hapatikani Bogoria tu. Kuna Magadi, kuna Natron, kuna maziwa ya Ethiopia, kuna Mono Lake kule California. Ukiweka ushuru hapa, mtu atachota kule. Ya tatu, ndiyo iliyonichoma: "Ukidai malipo kwa kila jeni, wa kwanza kuumia ni wewe. Hifadhidata zikifungwa, wewe wa Nairobi utafanyia nini kazi? Insulini ya sukari inatengenezwa na bakteria wa maabara. Kila mtu aliyeshika kipande cha njia ile angedai chake, mgonjwa angeinunua kwa bei gani?"

Pingamizi ya tatu naikubali karibu yote. Bila hifadhidata ya wazi nisingekuwa na kichupa cha kumwonyesha Mama. Ya pili naikubali kama hoja ya biashara, siyo ya maadili. Kwamba ningeweza kukopa kwa jirani mwingine hakufuti deni la jirani aliyenikopesha.

Ya kwanza ndiyo iliyonirudisha nyumbani, kwa marehemu babu.

Babu alikuwa mfuga nyuki. Alichonga mizinga ya magogo, akaitundika kwenye miti mirefu, na mmoja ulikuwa kwenye mgunga wa jirani, ng'ambo ya mto. Kila aliporina asali ya mzinga ule, kibuyu cha kwanza hakikufika nyumbani. Kilipita kwa mwenye mti. Nikiwa mtoto niliona ni uonevu. Gogo alichonga Babu, moshi aliwasha Babu, nyuki walimuuma Babu. Jirani alifanya nini? Alikaa tu. Nikamuuliza. Babu akanijibu kwamba jirani hakuukata.

Nadhani ndiyo jibu la pingamizi ya kwanza. Mwenye mti hakujua ni maua gani nyuki walikwenda. Hakuhesabu masega. Alichofanya ni kuuacha mti usimame mwaka baada ya mwaka, wakati mkaa una bei. Watu walioishi kando ya ziwa bila kulibomoa hawakumjua bakteria, lakini walimwachia mahali pa kuwa. Na angalia tena kibuyu kile: Babu hakusema asali yote ni ya jirani. Hakusema pia mti ni wake kwa sababu mzinga ni wake. Hawakuwa wanabishania umiliki kabisa. Walikuwa wanatambuana.

Kwa hiyo nimeanza kufikiri kwamba tumekuwa tukiuliza swali kwa namna isiyofaa. "Ni ya nani?" tunaisikia kama swali la hataza: taja mmoja, wengine watoke. Lakini nikikumbuka sauti ya Mama, sidhani alikuwa anauliza hivyo. Kwetu ukimkuta mtoto njiani unamuuliza "wewe ni wa nani?" na humaanishi nani anakumiliki. Unamaanisha: umetoka kwa akina nani, nikupeleke wapi giza likiingia, nikamsalimie nani. Protini yangu haina mmiliki mmoja na sidhani inahitaji kuwa naye. Inao watu wake. Nami nina deni kwao, liwe la fedha au la kutaja tu, kwa kadiri ya nilichopata. Ukiuza sabuni nchi mia moja, deni lako si sawa na la mwanafunzi mwenye kichupa.

Ulimwengu nao umeanza kunusa jambo hili. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliweka utaratibu wa idhini na kugawana manufaa kwa anayechota kitu chenyewe, lakini sisi wa kunakili herufi tulipita katikati ya vidole vyake. Ndipo katika mkutano wa Cali, Colombia, mwaka 2024, nchi zikakubaliana kuwe na mfuko ambao kampuni zinazofaidika na taarifa za jeni zitachangia, huku angalau nusu ikikusudiwa jamii za wenyeji. Mfuko ulizinduliwa Februari 2025. Mchango ni wa hiari, kwa hivyo usishangilie bado. Lakini tazama umbo lake: hifadhidata inabaki wazi, na anayerina anapitisha kibuyu. Ni mzinga wa Babu ulioandikwa kwa lugha ya mabalozi.

Sasa niungame, maana nimewasema wengine sana.

Nilipokuwa naandaa makala yangu ya kwanza juu ya kimeng'enya hiki, nilitafuta kilikotoka. Rekodi ya jeni ilisema: nchi, Kenya, mazingira, ziwa la magadi. Basi. Ziwa gani? Nani alichota? Kwa kibali gani? Niliwaandikia walioiweka. Wakajibu kwa adabu kwamba sampuli ilikuwa kwenye friza ya mtu aliyestaafu, na daftari lake halikupatikana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nimesikia methali hiyo tangu shule ya msingi nikidhani inahusu duka.

Nikaandika sentensi moja kwenye sehemu ya mbinu: kwamba bakteria alitoka katika ziwa la magadi nchini Kenya, na kwamba jina la ziwa na idhini ya kuchota havikuandikwa kwenye rekodi. Mkubwa wangu wa wakati huo akaisoma akasema itazua maswali. Namba ya rekodi inatosha, alisema, kila mtu anafanya hivyo. Hakunilazimisha. Hakupandisha sauti. Nami nikaifuta. Ilinichukua chini ya sekunde moja. Nilikuwa nataka makala itoke, na ilitoka. Kila namba iliyomo ni ya kweli. Nilipima kila kitu mara tatu. Ukiisoma utajua kimeng'enya kile kinapenda pH gani, kinakata mara ngapi kwa sekunde, kinachoka kwenye joto lipi. Utakijua kuliko unavyowajua jirani zako. Usichoweza kujua ni kwamba kuna shimo mahali pake pa kutoka, na kwamba aliyeandika aliliona akatandika mkeka juu yake.

Najua sentensi ile isingemrudishia mtu ardhi. Isingeleta senti Baringo wala Magadi. Huenda hata sampuli ilichotwa kihalali kabisa, miaka kabla ya sheria yoyote. Lakini deni ambalo halijaandikwa popote haliwezi hata kusamehewa. Anayekuja baada yangu atanakili jeni kutoka kwangu, naye ataandika namba, na baada ya vizazi vitatu vya makala protini itakuwa imezaliwa maabarani, haina kwao. Hivyo ndivyo vitu vinavyokuwa mali ya asiyeulizwa. Wizi hauhitajiki. Inatosha watu wa kawaida wenye haraka, kila mmoja akifuta sentensi moja.

Makala ya pili iko mezani sasa. Ni kimeng'enya kilekile nilichokibadilisha kidogo ili kivumilie joto zaidi. Sentensi nimeirudisha, nikaongeza na ya pili kueleza kwamba haikuwemo kwenye makala ya kwanza. Nimeituma juzi. Wakaguzi wakiikataa kwa ajili hiyo, nitawaambieni hapa.

Mama alifanyiwa upasuaji, jicho linaona. Jumapili iliyopita alinipigia akaniuliza kama yale maji yangu nimeyauza. Nikamwambia hapana, Mama, bado natafuta mwenye mti. Akacheka, akasema nisikawie, watu huhama.

Wewe unayesoma, hasa wewe unayefanya kazi na mbegu, na vijidudu, na nyimbo za wazee ulizorekodi kwa simu: daftari lako liko wapi?